"Mwambie mama ashike": siku ziwa lilipotaka kumchukua mama, na kwa nini naunga mkono leseni kwa boti za raha

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu kutoka Migori mjini.

Leo nimefunga cherehani mapema ili nikae chini niandike hii kitu. Kila nikiona uzi wa watu wakibishana kama mwenye boti ya kujivinjari anahitaji mafunzo na leseni, vidole vinaniwasha. Wengi mnaobishana hamjawahi kupanda hata mtumbwi.

Haya nilikuwa ndani yake. Sijasimuliwa na jirani na sitaongeza chumvi. Nitakachoficha ni jina la ufuo, maana mama yangu bado anauza omena, wale dagaa wetu, pale na hataki umaarufu wa simu.

Mimi ni fundi wa nguo, Mjaluo wa upande wa Homa Bay. Mume wangu tumwite Marwa, ni Mkuria. Kwao ni ng'ombe na mahindi, ziwa aliliona akiwa ameshaota ndevu. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu Kijaluo chake ni cha kununulia samaki, na Kikuria changu kinaishia kwenye salamu.

Marwa anauza pampu za maji na mikanda ya mashine kwa wachimba dhahabu wa Osiri. Ukimpa injini yoyote ataifungua na kuirudisha huku anapiga stori. Kwa hivyo mzungu mmoja aliyekuwa anahama alipotangaza kuuza boti yake ndogo ya fiberglass, ile ya usukani, mzee wangu hakupata usingizi mpaka ikawa yake.

"Injini ni injini," aliniambia.

Tuliivuta kwa trela kutoka Kisumu. Tulipopita Rodi Kopany watu waliacha kununua ndizi wakaja kuangalia. Marwa alishusha kioo akapunga mkono kama mgombea ubunge. Na mimi nilipunga, sidanganyi.

Kuendesha alijifunza kwa video za YouTube na kwa kuzungukazunguka karibu na ufuo. Hakuna mtu alimuuliza chochote. Hakuna aliyetaka kujua amesomea wapi, anajua nini, anabeba nani. Unanunua, unatia mafuta, unaenda. Hata sufuria mpya mtu hukuuliza kama ni ya gesi ama ya kuni.

Sasa kabla hamjamrukia mume wangu, nisikilizeni. Marwa si mtu mzembe. Alinunua life jacket za kila mtu, mpya, za saizi tofauti. Hanywi. Na sababu ya kununua boti, mbali na kujionyesha kidogo, ilikuwa mama yangu.

Mama ameuza omena tangu sijazaliwa. Maisha yake yote amesimama kwenye mchanga akisubiri boti za wengine zije. Kuingia ziwani kwa raha tu, aketi kama mgeni, hajawahi. Marwa alikuwa ameapa atampeleka.

Hapa inabidi niwaeleze desturi kidogo, vumilieni.

Kwetu na kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawashikani mikono ovyo. Hawakai kiti kimoja. Mkwe hamkodolei macho mama wa mke wake. Si ugomvi, ni heshima. Marwa na mama wanapendana sana, ila wanapendana kwa mbali.

Hata maneno hupitia kwangu. Marwa akishiba anasema, "Mwambie mama samaki ilikuwa tamu." Mama yuko hapo hapo, amesikia kila kitu, anacheka, halafu ananiambia mimi, "Mwambie Baba Boke aongeze." Boke ni binti yetu. Mimi ndio mtandao wa hiyo familia na sijawahi kulipwa.

(Naona tayari kuna mtu anataka kuandika "mila potovu." Tulia kwanza, fika mwisho.)

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Tulikuwa wanne: Marwa, mimi, mama, na mjomba wangu, ndugu yake mama. Mama alikuja na gauni lake la kanisa na leso mpya. Alikuwa amechangamka mpaka akaanza kunitania eti nimenona kwa nyama ya Wakuria.

Marwa akagawa zile jaketi. Kama hujawahi kuvaa, ziko na mkanda mmoja wa kufunga kifuani na mwingine unapita katikati ya miguu. Mimi nikafunga, mjomba akafunga.

Mama akaishika yake, akaigeuza, akaiangalia ile mikanda. Halafu akaivaa kama koti na kujitanda leso juu yake.

Marwa akaniambia, "Mwambie mama afunge."

Nikamwambia, "Mama, umefunga?"

"Nimefunga."

Niambieni wakuu, ni nani angefunua leso ya mama kuhakikisha? Marwa hawezi, hiyo ni laana. Mjomba hakujali. Mimi nilimwamini, kwa sababu mama yangu si mtu wa uongo.

Alikaa mbele kabisa, kwenye ncha ya boti. Mtu yeyote aliyefundishwa angejua abiria hakai pale boti ikikimbia, maana ncha ndiyo inarukaruka zaidi. Marwa hata bila kufundishwa alihisi si sawa.

"Mwambie mama asogee katikati."

Nikamwambia. Mama akajibu pale kuna upepo mzuri. Ukweli ni kwamba katikati ni karibu na usukani, na usukani uko na mkwe.

Tukaenda.

Na ilikuwa nzuri, wakuu. Lazima niseme hivyo. Ziwa lilikuwa limetulia na magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo upande mwingine. Tulipofika mbali kidogo mama aligeuka akaangalia ufuo wake. Halafu akasema hajawahi kuona soko lao kutoka mbele, kwamba siku zote amelipatia mgongo. Akaanza kunionyesha: kibanda cha fulani kile, miamba ya kuanikia ile, pale ndipo karibu nikuzalie. Nilimwona Marwa nyuma ya usukani ametabasamu kama mtoto aliyepewa soda.

Kurudi ndipo mambo yaliharibika.

Wavuvi wetu wakitega nyavu huweka vibuyu vya plastiki juu ya maji vielee, mitungi ya mafuta ya kupikia, ya njano. Ni alama. Mtu wa ziwa akiiona anazunguka mbali. Marwa aliiona akadhani ni takataka, kwa sababu huko anakotoka mtungi ukiwa njiani ni takataka. Alipokaribia ndipo akaona kamba chini ya maji, ndefu, imekatiza mbele yetu. Injini ikishika kamba kama hiyo boti inaweza kusimama ghafla ama kupinduka.

Akakata kona kali.

Na wakati anakata, alipiga kelele. Mpaka leo naisikia nikiwa nashona.

"Mwambie mama ashike!"

Aliniambia mimi.

Mama alikuwa mbele ya macho yake, anamwona kuliko mimi ninavyomwona. Angesema "Mama shika!" ingetosha. Lakini miaka yote ulimi wake umezoea kupitia kwangu, na kwa ile hofu ulimi ukaenda pale ulipozoea. Nikageuza kichwa nimpelekee mama ujumbe. Nilifungua mdomo, na mama hakuwepo tena pale.

Marwa alizima injini mara moja, hilo nampa. Nilipochungulia niliona jaketi la rangi ya machungwa limeelea peke yake. Halikuwa limefungwa popote. Leso ilikuwa imetandaa juu ya maji, na mama alikuwa chini yake anapigapiga mikono.

Watu hudhani kila aliyezaliwa kando ya ziwa anajua kuogelea. Mama hajui. Wanawake wengi wa ufuoni hawajui, kazi yao iko kwenye mchanga.

Marwa aliruka. Aliogelea mpaka karibu naye, akanyoosha mkono.

Halafu akausimamisha.

Nimejaribu kuwaeleza watu hili na wengi hawaelewi. Alikuwa karibu kabisa kumshika, na mkono ukasimama. Na mama naye, huku anakunywa maji, alipomwona ni yeye, aligeuka pembeni. Mkono aliohitaji ili aelee aliutumia kuvuta gauni lishuke, maana lilikuwa limepanda.

Mama yangu alikuwa anakufa na bado anaona aibu.

"Mama, we omaki!" nilipiga kelele kwa Kijaluo, nikimwambia amwache amshike. Nilipiga mpaka sauti ikakatika. Mjomba alikuwa anahangaika na kamba, analia, "Yawa, yawa, dada yangu!"

Kisha kichwa cha mama kikaingia chini.

Hapo Marwa akasema neno la kwanza alilowahi kumwambia mama yangu moja kwa moja tangu anioe.

"Mama! Njoo kwangu!"

Akazama, akamkumbatia kwa nyuma kifuani na kumpandisha. Mjomba akawatupia kamba. Wenye zile nyavu walikuwa wameona kila kitu, wakaja wakipiga kasia kama wameshikwa na moto. Mmoja akapaza sauti, "Shika yeye, usiachilie! Tunakuja!" Wao ndio walimwinua mama kumwingiza kwenye boti yao, sisi yetu ilikuwa juu sana.

Mama alitapika maji njiani. Nilishukuru kila tapishi.

Hospitalini walimweka kwa sababu maji yalikuwa yameingia kifuani. Marwa hakuingia wodini. Alikaa nje karibu na geti, nguo zimemkaukia mwilini. Nilipomfuata nikidhani ataniuliza mama anaendeleaje, alisema, "Nimemshika mama yako kifua." Alisema kama mtu anayekiri kuua.

Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, vyote pamoja, na sikujua nianze na kipi. Nikakaa tu karibu naye.

Mama alipopona na kurudi nyumbani aliniambia maneno machache. "Mwambie Baba Boke asije kwanza."

Hakuna ujumbe mzito nimewahi kubeba kama huo. Nilimfikishia.

Basi ikawa hivyo. Tukienda kumwona mama, Marwa ananiendesha mpaka Rodi Kopany tu. Pale anakaa kwenye hoteli anakunywa chai mpaka nirudi. Sukari na unga wa mama ananibebesha mimi. Boke akiuliza kwa nini baba haingii kwa nyanya, tunamwambia baba ana kazi. Boti ililala nyuma ya duka imefunikwa turubai, na mtu akiitaja Marwa anaondoka.

Kumbukeni huyu ni mtu ambaye mama yake mzazi alikufa akiwa mdogo. Mama yangu ndiye mama aliyebaki naye. Nilianza kuogopa kwamba ziwa halikumchukua mama, lilimchukua mume wangu kutoka kwa mama.

Wazee walisema ni lazima alete mbuzi kuondoa ile aibu ya kugusana. Mjomba akachukua jukumu la kupanga.

Wakati hayo yanapangwa, Marwa alipotea wikendi kadhaa. Nilidhani ana mambo mengine, mnajua akili ya mwanamke. Kumbe alikuwa anaenda Kisumu kwa mzee mmoja mstaafu wa kazi za meli anayefundisha watu kuendesha boti ndogo. Hakuna aliyemlazimisha. Alijilipia na kujiendea, boti ikiwa chini ya turubai na hana mpango wa kuipanda.

Siku aliyoniambia, aliongea mpaka chai ikapoa. Kwamba alama za nyavu hufundishwa somo la mapema kabisa. Kwamba kabla ya kuondoka nahodha anapita kwa kila mtu, anashika mabega ya jaketi na kuvuta juu, likipanda linafungwa upya. Kwamba abiria anakaa anapoambiwa na nahodha, si anapopenda. Na kwamba sauti ya nahodha inaenda moja kwa moja kwa mwenye hatari.

Alikuwa ameinua mkono darasani akauliza, "Na kama ni mama mkwe?"

Darasa zima likacheka. Mzee yule hakucheka. Alimwambia, "Kijana, kwa boti hakuna mama mkwe. Kuna abiria."

Siku ya mbuzi ilifika. Marwa alikuja amevaa suti, kama bwana harusi aliyetelekezwa. Mjomba akasema yake, akamwita "ora", yaani mkwe wangu, akamsifu kwamba bila yeye tungekuwa tunaongea mambo ya kaburi. Mama alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza nje.

Kisha Marwa akaomba ruhusa ya kusema. Nikajiweka tayari nipokee maneno nipeleke, mazoea.

Hakuniangalia. Aliangalia chini, lakini alimwambia yeye.

"Mama, nilikosa. Si kukushika, hapo ningerudia. Nilikosa kabla. Nilipaswa kukuambia mwenyewe funga, sogea, shika. Niliogopa kukukosea heshima, na karibu ukufe kwa hiyo heshima yangu. Mwalimu amenifundisha kwa boti hakuna mama mkwe, kuna abiria."

Nilikuwa nasikia mbuzi akitafuna majani nje.

Mama akauliza, bado anaangalia nje, "Hiyo ni sheria?"

"Ni somo la mwalimu, Mama. Sheria sijui. Mimi hakuna mtu aliwahi kuniuliza."

Mama akavuta pumzi.

"Ungeniambia sheria imesema, ningefunga. Nikipanda gari na askari yuko barabarani, nafunga mkanda, hata dereva akiwa mkwe wangu. Hakuna aibu hapo, maana ni sheria imesema. Lakini wewe ukiniambia nifunge kifua changu, ni wewe umesema. Sasa mimi ningeweka wapi uso?"

Mjomba alikuwa anafuta miwani yake ambayo haikuwa chafu.

Ndipo mama akanigeukia mimi.

"Mwambie Baba Boke hiyo mambo ya abiria imeishia kwa maji. Hapa kwangu mimi ni mama mkwe wake. Achukue kiti chake akae kule mbali, na akule ashibe."

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Marwa alibeba kiti akakipeleka kule pembeni kabisa anapokaaga, akakaa, akalia bila kujificha. Na mimi nililia. Mbuzi ndiye peke yake hakufurahi siku hiyo.

Sasa, wakuu, somo nililotoka nalo.

Zamani nilidhani leseni ni ya kuthibitisha mtu anajua. Ndiyo, ni hivyo pia, angefundishwa alama za nyavu tusingefika kule. Lakini kuna kitu kingine hakisemwi. Leseni inampa mtu mdomo. Huku kwetu kijana hamwamuru mzee, mkwe hamwamuru mama mkwe, mfanyakazi hamwamuru tajiri aliyemnunulia mafuta. Watu wa heshima wanazama kwa heshima. Sheria ikisimama katikati, anayeamuru si mtu tena, na hakuna anayevunjiwa adabu.

Nawajua wa upande wa pili na siwadharau. Mjomba mwenyewe bado anasema leseni itakuwa mlango mwingine wa hongo, na mtu wa chini ataumia. Ana hoja. Wavuvi wanaoishi kwa ziwa sitaki wasumbuliwe na mtu wa ofisi asiyejua kushika kasia, na mafunzo yakiletwa yawe karibu na ya bei ya kawaida. Na kama kuna mkuu anajua sheria tayari ipo, aniwekee hapa, nami nitamuuliza ilikuwa wapi Jumapili ile.

Nazungumzia sisi wa raha. Sisi tunaonunua boti wiki hii na wiki ijayo tumebeba familia nzima iliyotoka kanisani.

Boti bado tunayo. Marwa anaitoa mara moja moja, na wageni wanalalamika anawavuta mabega kama polisi. Mama hapandi. Anasema maji aliyokunywa yanamtosha, na sitamlazimisha.

Uwanja ni wenu, mnipinge kwa adabu. Lakini kabla hujaandika kwamba mafunzo ni kupoteza muda, jibu hili kwanza. Mama mkwe wako amekaa kwenye ncha ya boti, jaketi liko chini ya leso, anasema amefunga. Utamwambia wewe mwenyewe, ama utamtuma mke wako?